Ndara Mlangoni kwa Bibi

Taipei, 9 Machi 2025

Kaka Keng-yu,

Huku tu wazima, na Bibi bado anatawala ghorofa ya nne kama alivyotawala siku zote. Anakusalimu. Alinunuliwa kifaa cha masikio, akakivaa siku moja, akakirudisha kwenye boksi lake akisema kumbe majirani hawana jambo lolote la maana la kusema. Mama alipiga simu kutoka Xiluo: goti limepungua maumivu, mpunga umeshapandikizwa, na anauliza kama huko kisiwani unakula mboga.

Utashangaa kupata barua. Nikikupigia simu, unakata. Nikikutumia ujumbe, unanijibu kwa picha ya dubu anayeinamisha kichwa. Nimeamua kuandika kwa wino kwa sababu karatasi haina kitufe cha kuizima, na kwa sababu ninayotaka kuyasema hayaenei tumboni mwa dubu.

Wifi Yun-ju amepeleka ombi lake la matunzo ya mtoto, na siku ya usuluhishi imewekwa katikati ya Juni. Hilo unalijua. Ninalolijua mimi ni ule ujumbe wako mmoja usio na dubu: "Andika sentensi mbili tu, kwamba Ning-ning haishi kwa Bibi. Ukweli mtupu. Si wewe mtu wa ukweli?"

Nimekwenda kusoma jinsi hesabu hii inavyofanywa, kwani ndiyo kazi ya mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa tatu: kusoma kile ambacho wenzake wanakilipia bila kukielewa. Kwanza huchukuliwa wastani wa matumizi ya mtu mmoja kwa mwezi katika mji anaoishi mtoto. Kisha wastani huo hupasuliwa kati ya baba na mama kwa uzito wa vipato vyao, na yule anayeamka na mtoto huhesabiwa jasho lake kuwa sehemu ya mchango. Basi. Ni hesabu fupi kuliko maelezo ya kupika uji. Lakini tazama, Kaka, kilichojibanza katika hatua ya kwanza: mji. Mtoto akilala upande huu wa Mto Tamsui ana bei moja. Akivuka Daraja la Taipei na kulala Sanchong, bei yake inashuka karibu robo. Tumbo ni lilelile, meno yanayong'oka ni yaleyale, kikohozi cha Novemba ni kilekile. Nauliza: ni daktari gani aliyewahi kupima njaa kwa ramani? Ni nani aliyeupa mto mamlaka ya kukata chakula cha mtoto wa miaka sita?

Sijakataa ombi lako, wala sijalikubali. Nijibu kwa maneno.

Mdogo wako,
Wan-jung


Nangan, visiwa vya Matsu, 25 Machi

Mdogo wangu Wan-jung, Mheshimiwa Mbunge Mtarajiwa,

Barua yako imekaa uwanja wa ndege ikisubiri ukungu upishe. Huku Machi ndege hazitui. Zinazunguka juu, tunazisikia, kisha zinarudi zilikotoka. Mimi mzima. Mtambo wetu wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari umeharibika pampu moja, nimeitengeneza. Mama mwenye nyumba ananipikia tambi za pombe nyekundu kila ninapokohoa, kwa hiyo nimejifunza kukohoa. Mwambie Mama mboga nakula.

Swali lako kuhusu daktari na ramani ni zuri. Mpelekee daktari.

Mimi nina jambo dogo. Umesahau nani alimwandikisha Ning-ning kwa Bibi? Ni mimi. Siku alipotimiza mwezi, watu wamekaa wanakula mayai mekundu na wali wa mafuta, mimi niko kaunta ya ofisi ya uandikishaji nimeshika daftari la kaya. Shule ile ya karibu na Bibi inapendwa na kila mtu. Foleni yake inapangwa kwa tarehe ya kuandikishwa mtaani. Yun-ju alicheka sana. "Baba Ning-ning, mtoto hata shingo haijakaza, ushampeleka shule?" Tulicheka wote, na wewe ulikuwepo, ulikula mayai manne.

Sasa daftari lilelile linasema mwanangu ni mtoto wa Taipei, na wakili wa Yun-ju anataka nilipe bei ya Taipei. Na kila mtu anajua mtoto anaamkia Sanchong, juu ya saluni ya mama yake, kwenye chumba kinachonuka dawa ya nywele. Sikatai kulipa. Nimelipa kila mwezi tangu tuachane, kabla mtu yeyote hajaniambia kiasi. Ninachokataa ni kulipia mto ambao mtoto havuki.

Usiniulize hiyo robo naitakia nini. Sinywi, sichezi kamari, sina mwanamke. Ridhika na hilo.

Sentensi mbili, Wan-jung.

Kaka yako


Taipei, 7 Aprili

Kaka,

Tumerudi jana kutoka Xiluo. Kaburi la Baba tumelisafisha, nyasi tumezing'oa, na sahani yako ya matunda niliiweka mimi kwa niaba yako, nikimwambia Baba kwamba ukungu ndio uliokuzuia. Sikumwambia kingine. Wifi aliniruhusu niende na Ning-ning. Mtoto alisimama mbele ya jiwe la kaburi akalitazama kwa makini, kisha akauliza, "Shangazi, Babu naye kaandikishwa hapa?" Mama alicheka hadi akakaa chini. Siku hizi mtoto huyu anamuuliza kila mtu kaandikishwa wapi, na ukimuuliza yeye anatoa anwani ya Bibi bila kumeza mate, mtaa, kichochoro na ghorofa, kama anavyoimba wimbo wa chekechea. Nimemnunulia ndara zenye masikio ya sungura.

Sasa nikujibu. Shule ile mwaka huu imejaa pomoni, na imetangaza kuwa itahakiki makazi ya kila mtoto kabla ya kutoa majina mwishoni mwa Mei. Wewe unadhani sentensi zako mbili zitaingia chumba cha usuluhishi na kufia humo. Maneno yaliyosemwa mbele ya sheria yana miguu, Kaka. Leo yatasema Ning-ning anaishi Sanchong ili bei yake ishuke. Kesho yatapanda ngazi za shule na kumtoa kwenye foleni uliyompanga wewe mwenyewe kabla shingo yake haijakaza.

Nakubaliana nawe kwamba ni dhuluma. Ni dhuluma kwamba shule nzuri imejazana upande mmoja wa maji, na wafanyakazi wanaoufagia upande huo wanalala upande wa pili. Ni dhuluma kwamba familia yenye bibi mwenye ghorofa inaweza kukopa anwani, na familia isiyo na bibi huyo inakopa nini? Ni dhuluma kwamba mzazi mmoja akisema kweli mtoto anapoteza dawati, na mwingine akinyamaza mtoto huyohuyo anakuwa ghali. Lakini dhuluma haiondolewi kwa kumtumia mtoto kama nyundo.

Siwezi kuandika sentensi zako. Sisemi sitaki. Nasema siwezi.

Wan-jung


Nangan, 3 Mei

Wan-jung,

Barua yako ya Aprili nimeipata juzi. Posta wanasema ni ukungu. Mama mwenye nyumba amevunjika kidole cha mguu, mimi ndiye ninayempikia sasa, na hasifu.

Umenisomea hotuba nzuri. Niliisoma nikiwa nimesimama kando ya pampu, na pampu haikupiga makofi. Nimetoa mambo mawili tu humo. La kwanza, "siwezi" siyo "sitaki". Ulinifundisha wewe tofauti hiyo ukiwa darasa la nne, nilipokunyima baiskeli. La pili, ndara za sungura. Mtoto ana ndara kwao. Hizo za sungura ziko mlango gani?

Sawa. Wewe hutaki kusema lako, mimi nitasema langu, tuone nani kaka.

Mshahara wangu una posho ya kisiwani. Ukiivua posho, mimi ni fundi wa maji kama mafundi wengine. Lakini hiyo hesabu yenu inaniona nikiwa nimevaa posho, kwa hiyo mzigo mkubwa unaniangukia. Kuna nafasi kwenye kituo cha maji Banqiao kuanzia Agosti. Posho hakuna. Nikilipa kiwango cha Sanchong, naweza kuichukua, nikapanga chumba kidogo upande ule wa mto, nikala mboga za Mama. Nikilipa cha Taipei, lazima nibaki huku ili nimudu kumlipia mtoto ambaye simwoni. Mpaka afike miaka kumi na minane. Ndiyo hiyo robo.

Nilipokuja likizo ya mwaka mpya alijificha nyuma ya kiti cha kuoshea nywele. Akamuuliza mama yake kwa sauti ya chini, na mimi nasikia, "Anko huyu anakaa mpaka saa ngapi?"

Usimwambie Yun-ju. Nimeshamwahidi mara mbili kwamba narudi, na mara mbili nikasaini mkataba mwingine. Mara ya pili alikuwa amenitolea rafu moja ya taulo za saluni ili niweke nguo zangu. Ya tatu nitaisema kwa miguu, si kwa mdomo. Nakuomba kama kaka.

Keng-yu


Taipei, 14 Mei

Kaka yangu,

Bibi mzima, Mama mzima, mimi naandika tasnifu fupi juu ya haki na sipati usingizi mzuri. Salamu zimekwisha; ngoja nikuambie ndara ziko mlango gani.

Walikuja Jumamosi moja asubuhi, mwishoni mwa Machi, siku chache tu kabla hatujaenda makaburini. Mwalimu mmoja kijana mwenye sauti laini, na mzee wa kata anayemfahamu Bibi tangu enzi za cherehani yake. Walipanda ngazi za ghorofa zote nne wakihema. Bibi akawakatia mapera.

"Bibi, kitukuu wako yupo?" akauliza mzee.

"Nani?"

"Ning-ning. Yule mtoto."

"Kaenda na mama yake saluni," nikasema mimi, na hiyo ilikuwa kweli.

"Huwa analala hapa?" mwalimu akamuuliza Bibi, akiinamia sikio lake.

"Halali," akasema Bibi. "Mtoto gani analala siku hizi? Wanachezacheza tu."

Mzee wa kata akacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameziona ndara za sungura mlangoni. Akaokota moja, akaigeuza, akaitazama wayo.

"Mpya kabisa," akasema.

"Anakua haraka," nikamjibu.

"Kwa hiyo anaishi hapa?"

"Ndiyo. Tunalala chumba kimoja."

Akakitazama chumba, akanitazama mimi. "Kina jua zuri," akasema, akavaa viatu vyake, wakashuka.

Mimi niliyepanda juu ya meza ya mkahawa wa chuo mwezi Desemba, nikaudai ukweli kwa kipaza sauti mpaka walinzi wakaja, sikuhitaji kipaza sauti kusema uongo. Ulinitoka kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Hiyo ndiyo maana ya "siwezi". Nikiandika sentensi zako, zitakutana njiani na zile nilizokwisha kuzisema, na kati ya hizo mbili atakayekanyagwa ni Ning-ning.

Kwa hiyo sasa unayo yote mkononi. Ukisema Sanchong, unarudi nyumbani, mtoto anapoteza shule, na dada yako anaitwa mwongo mbele ya watu. Ukisema Taipei, mtoto anapata shule na baba yake anabaki kwenye ukungu.

Lakini ipo njia ya tatu, nami sikuikuta kwenye vitabu kwa sababu ya werevu wangu. Imeandikwa waziwazi na hakuna anayeisoma. Wazazi wakikubaliana wenyewe, na makubaliano yao yasimdhuru mtoto, hakuna anayewalazimisha kufuata wastani wa mji wowote. Hesabu ile ni ya watu waliokosa maneno. Ninyi hamjakosa maneno, Kaka, mmeyaficha. Niruhusu nimwambie wifi habari ya Banqiao. Nitasubiri jibu lako hadi Sikukuu ya Mashua za Joka.

Wan-jung


Taipei, 4 Juni

Kaka,

Sikukuu imepita. Bibi alifunga wali wa majani ya mianzi kwa namna ya kusini, wifi akaleta wake wa kaskazini, na kila mmoja alikula wa kwake akiusifu kwa sauti. Majina yametoka: Ning-ning yumo. Jibu lako halijaja. Sijui ni ukungu ulioishikilia barua yako au ni kiburi, na kwa kuwa vyote viwili havionyeshi njia, nimekwenda bila njia.

Nimemwambia. Kasirika, lakini soma kwanza.

Nilikwenda Sanchong siku ya kazi, mchana, saluni haina watu.

"Umekuja kuoshwa nywele au kunihutubia?" akauliza.

"Vyote."

"Hotuba ina bei yake. Lala hapo."

Nikamwambia huku kichwa changu kikiwa kwenye beseni, kwani mtu aliyelala chali na sabuni machoni hawezi kuhutubia, anasema tu. Nilipofika kwenye Banqiao, akafunga maji.

"Mbona hakusema mwenyewe?"

"Anaona aibu. Anasema ameshakuahidi mara mbili."

"Mara tatu. Ya kwanza kaisahau. Mimi sijaisahau, nilipika chakula cha kumpokea."

Akafungua maji tena, ya baridi. Nikamuuliza, nikiwa sioni uso wake: "Na wewe, wifi, hiyo robo unaitakia nini?"

"Unajua wateja wangu ni akina nani? Wale mabibi wa asubuhi wanaotoka sokoni. Septemba shule ikianza, mimi ndiye wa kumvusha daraja kila siku, na kurudi kwenye foleni ya pikipiki. Nikifungua mlango, mabibi washaenda kwa jirani. Mnasema jasho langu linahesabiwa. Nani kalihesabu? Robo yenyewe ni hao mabibi, Wan-jung. Sitaki pesa ya gari."

Kisha akaniosha kama mtu anayesugua sufuria lililoungua, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilipotaka kulipa, akasema, "Hotuba imekuwa fupi. Nenda."

Nimevunja neno lako. Ndege zikizuiwa, panda meli ya usiku. Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa bandarini Keelung.

Wan-jung


Nangan, 26 Juni

Wan-jung,

Barua yako ya tarehe nne nimeikuta mezani niliporudi. Umeelewa? Nilikwenda kwenye usuluhishi bila kuisoma. Mama mwenye nyumba ameshapona kidole na amenifukuza jikoni.

Ile ya Mei, ya ndara, niliipata. Sikuijibu kwa sababu jibu lake lilikuwa kubaki, na sikutaka unibishie. Watu wa Banqiao niliwaambia wanipe mpaka mwisho wa mwezi, lakini moyoni nilishawakatalia. Nikapanda meli nikiwa na neno moja tu mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ina ghorofa nne, na mwanangu yuko juu. Nisingeweza kuivuta ngazi.

Walituweka vyumba viwili. Msuluhishi ni mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza msimamo wangu.

"Nakubali kiwango cha Taipei," nikasema. "Na mshahara wangu wote uhesabiwe, na posho."

Akanitazama. "Hutaki hata kunywa maji kwanza?"

Akaenda chumba cha pili. Akakaa. Akarudi amekunja uso kama mtu aliyepewa chenji isiyo sahihi.

"Mama wa mtoto hataki Taipei," akasema. "Anataka Sanchong. Na mshahara wako uhesabiwe bila posho."

"Anataka nini?"

"Sanchong. Na asubuhi."

"Asubuhi gani?"

"Sijui, baba. Kasema utaelewa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, watu wanagombania nyumba, magari, mbwa. Asubuhi ni mara ya kwanza."

Sikuelewa. Nikadhani ni mtego wa wakili. Ikabidi watukutanishe chumba kimoja. Yun-ju alikuwa amekata nywele fupi, zimempendeza, sikusema.

"Utachukua kazi ya Banqiao," akaniambia. Hakuuliza. "Utapanga chumba karibu na saluni. Kila siku ya shule utamvusha Ning-ning daraja kabla hujaenda kazini. Mimi nitafungua mapema. Hiyo ndiyo robo yangu."

"Nani kakwambia Banqiao?"

"Nywele za dadako."

Msuluhishi akauliza kwa nini mtoto anavushwa daraja na hali daftari linaonyesha anaishi ng'ambo. Yun-ju akasema, "Ana watu pande zote mbili." Mama yule akasafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaandika.

Ni makubaliano ya mwaka mmoja. Nikishindwa kumvusha, tunarudi kwenye hesabu ya Taipei, kila kitu. Yun-ju ametia sahihi bila kunitazama. Nilipotoka nje alisema jambo moja tu: "Safari hii sitoi rafu."

Sikutukani. Ila sikusamehe vizuri pia. Nipe muda.

Keng-yu


Taipei, 21 Septemba

Kaka,

Sasa tunatenganishwa na mto tu, na bado nakuandikia. Kwenye simu umerudi kwa dubu, na yapo mambo ambayo siyasemi mbele ya Ning-ning.

Bibi amelipenda lile boksi la kifaa cha masikio, anaweka vifungo. Mama anauliza mbona hujaenda kuchukua mchele.

Nilikuona Alhamisi. Nilikuwa miguuni mwa daraja, upande wetu, nikisubiri wenzangu wa chuo tugawe vipeperushi, pikipiki zikaanza kumwagika kutoka juu, mamia, kofia kwa kofia, na katikati nikakutambua kwa koti la mvua la kituo cha zamani. Ning-ning alikuwa amesimama mbele yako kati ya magoti, anakuelekeza kwa kidole kama nahodha. Hukuniona. Foleni ilikuwa inatambaa, nami niliwafuata kwa miguu mpaka shuleni, na pale getini, Kaka, alikuwa amesimama mwalimu yuleyule mwenye sauti laini.

"Umetoka wapi asubuhi yote hii na nywele zimelowa?" akamuuliza Ning-ning.

Nawe ulikuwa umeshageuza pikipiki, hukusikia. Mtoto akasimama wima akamtajia anwani ya Bibi, mtaa, kichochoro na ghorofa, bila kumeza mate. Mwalimu akatazama lilikoelekea koti lako, kule darajani, akamfuta maji usoni kwa leso, akamwingiza ndani.

Huenda alijua tangu Machi. Huenda anasubiri. Sina namna ya kumuuliza bila kumjibu.

Mwezi ujao nimeombwa kusimama mbele ya chuo kizima nizungumze juu ya mipaka ya shule na bei ya watoto. Nitasimama. Kila nitakachosema kuhusu mto huu kitakuwa kweli, nami nitakisema nikijua kwamba kuna sentensi moja ambayo siwezi kuisema hata wakinizimia kipaza sauti. Nilidhani mapambano ni kuchagua upande. Ninyi wawili mmenionyesha kwamba kuna mtu wa kuvuka kila asubuhi, na mtu wa kulinda mlango ambao mtoto halali ndani yake. Mlango umeniangukia mimi.

Jumapili hii wifi alimleta kwa Bibi. Ning-ning akavua viatu, akaingia kwenye ndara za sungura kama mtu wa nyumbani, na visigino vikabaki nje. Alipoondoka nilishuka sokoni nikanunua kubwa zaidi. Sungura wamekwisha, nimechukua za bata. Nimezivaa vidoleni, nikapanda na kushuka ngazi za ghorofa nne, nikazisugua wayo kwenye saruji mpaka rangi ikafifia, Bibi akiniuliza kutoka juu kama nimepata wazimu. Kisha nimezipanga mlangoni.

Kesho mvua itanyesha. Mfunge kofia vizuri.

Wan-jung